Amina ya Nyuma

Kanisa lilianzia kwenye chumba cha mbele cha Fundi Bati, na yeye mwenyewe hakuulizwa. Alirudi kutoka kazini siku moja, ngazi begani, akakuta majirani wamepiga magoti katikati ya vipande vya vitambaa, na mkewe yuko kwenye cherehani, anamalizia sare ya shule.

"Viatu, mume wangu," mkewe alisema bila kugeuka. "Hapa sasa ni nyumba ya Bwana."

"Na chakula?"

"Bwana kwanza."

Washirika walimwita Mama Cherehani. Hakuhubiri wala hakunena kwa lugha. Yeye alikuwa na amina yake. Wenzake wakishaitikia, yeye bado anasukuma pindo. Akifika mwisho akakata uzi, ndipo unasikia kwa nyuma, polepole: "Amina." Walimtania sana. Alijibu kwamba amina si pipi, huigawi kabla hujajua kilichoombwa.

Mara moja tu aliinyima. Mhubiri mgeni alimwomba Mungu aziteketeze nyumba za majirani waliolalamikia kelele. Watu wakaitikia kwa nguvu. Cherehani ikasimama. Uzi ukakatwa. Kimya. Mgeni akangoja, akakohoa, akaomba upya. Kimya. Akakusanya vitu vyake akaenda zake. Tangu hapo hakuna aliyeona maombi yamekwisha mpaka ile ya nyuma isikike.

Chumba kilipojaa walihamia banda lililokuwa la kuku. Harufu haikuisha, wakaizoea. Baadaye walijenga ukumbi wa matofali, na Fundi Bati akauezeka kwa mkono wake. Cherehani ilibaki nyumbani, lakini amina iliendelea kuchelewa.

Kisha Mama Cherehani akafa. Homa, hospitali, basi.

Jumapili baada ya maziko, Mchungaji aliomba, watu wakaitikia. Halafu, kutoka benchi la nyuma lililokuwa tupu: "Amina."

Kitoto kilichobebwa mgongoni kiliangalia benchi lile, kikacheka.

Kesho yake Fundi Bati alipanda juu ya paa. Bati lililoachia hurudisha sauti, hilo alilijua. Alimsimamisha shemeji yake, mdogo wa marehemu, ukumbini, apige makofi na kuita. Yeye juu akagonga moja moja. Kila bati lilikuwa limekaza. Makofi yalifia palepale.

"Umepata?" shemeji alipaza sauti.

"Hakuna kitu."

"Sasa mbona unacheka, shemeji?"

Hakujua kwamba anacheka.

Akahamia benchi la nyuma. Alikaa pembeni, akaacha nafasi.  Aliingoja Jumapili kama mgonjwa anavyongoja dawa.

Amina ile ikaendelea kila Jumapili, lakini watu walianza kupungua. Waliobaki walisali macho wazi. Mchungaji, ambaye suti yake ya ndoa alishonewa na marehemu, akamfuata Fundi nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Baba, wafu hawarudi. Kinachorudi si wao. Ni pepo. Jumapili tutalikemea."

"Pepo linaloitikia amina?"

"Linaiga, Baba."

"Nimeishi na yule mwanamke tangu sina mvi, leo wewe unanifundisha sauti yake?"

Shemeji alikuwa anaosha vyombo. Akadakia, "Usikasirike, shemeji. Kama ni dada tutajua tu. Yule nani aliwahi kumfukuza mahali akaondoka?"

Fundi hakucheka. Mlangoni alimshika Mchungaji mkono. "Mniachie hiyo tu. Hiyo tu."

"Siwezi, Baba. Kanisa linakufa."

Jumapili waliingia wamefunga, midomo imekauka. Walilizunguka benchi, mikono juu. Fundi alibaki ameketi. Hakuna aliyethubutu kumwinua. "Toka! Toka! Nyumba hii si yako!" Walipiga kelele mpaka sauti zikakwaruza. Yeye alijua nyumba hii ilianzia kwenye vitambaa vya nani. Alitazama sakafu. Mchungaji akafunga maombi kwa jina la Yesu.

"Amina!" Paa likatetemeka.

Fundi alifumba midomo. Wote wakasikiliza. Ubaridi ulipanda kutoka kwenye saruji, na mtu mmoja akaanza kulia kabla hakijatokea chochote. Moyoni Fundi alimsihi mkewe: nyamaza. Inyime, kama ulivyomnyima yule mgeni. Hawakuwezi bila amina yako.

Polepole, kando ya bega lake:

"Amina."

Hakuna aliyeshangilia. Shemeji aliketi chini.

"Ni dada," alisema. "Jamani, tumemfukuza dada."

Mchungaji alishusha mikono. Kisha akasema, "Baba, nisamehe. Ngoja niombe tena, abaki..."

"Ameshaitikia," Fundi Bati alisema. "Umewahi kumwona akiirudisha?"

Akainuka. Mtu akiaga husindikizwa. Alichukua kofia, akafungua mlango wa nyuma, akaushikilia kidogo, ndipo naye akatoka. Hakuna aliyemfuata.

Alitembea upande mmoja wa njia, taratibu, mpaka kwenye uchochoro ulio nyuma ya maduka. Jua lilikuwa kali na vinyweleo vya mikono yake vilikuwa vimesimama. Muuza mboga alikuwa ametandaza vitu vyake pale, na beseni la maji limeziba njia. Hakuwa mtu wa kanisa lile, wala hakumjua Fundi. Alilivuta beseni, Fundi akapita. Muuza mboga akaendelea kulishikilia, kama anayesubiri mwingine apite.

"Angalia hapo, mama, panateleza," alisema.

Fundi Bati hakugeuka. Alipunguza mwendo.