Pembe ya Baba Imeitwa Nyara

Sisi tuliokulia Msangano miaka ile hatukuitwa kula kwa simu. Baba alikuwa na pembe ya tandala, ndefu, imejipinda, na akiipuliza jioni tuliacha hata gololi zetu, tukafika na matope mpaka magotini kwenye ugali wa ulezi. Siku hizi mjukuu umekaa naye mkeka mmoja, unamwambia chakula tayari, anajibu "poa babu", macho kwenye simu, na mboga inapoa kweli.

Tandala mwenyewe baba alimuua kwa mkuki kabla sijazaliwa. Nyama ililiwa kijiji kizima, ini wakapewa wazee wasio na meno. Baba alikuwa mkali, jamani. Ukinasa kanga mwenye vifaranga, unachapwa. "Huyo analea," alisema, "wewe nani anakulea?" Hakuna aliyetuita wahifadhi. Mama naye alipenda mchuzi wa kanga kupita kiasi, lakini hayo niyaache.

Sasa redioni kila siku mabishano. Huyu anasema wageni waje wawinde, wanalipa, hela zao zinalinda wanyama. Yule anasema wapigwe marufuku kabisa. Wanabishana mpaka betri zangu zinaisha, na nadhani hakuna hata mmoja aliyewahi kufukuza nguruwe pori kwenye mahindi. Mnanichosha! Mgeni akiua simba kwa kibali, kichwa kinafungwa kwenye sanduku, kinasafiri, naye anaitwa mtalii. Haya, sawa. Mimi nina pembe moja tu ukutani.

Mjukuu wangu Neema, anayeshughulikia mizigo ya forodhani Tunduma, alikuja Pasaka, akaiona, akashika kichwa.

"Babu! Hiyo ni nyara ya serikali. Una kibali?"

"Nyara gani? Hii ni pembe ya baba'angu."

"Utafungwa, babu, na magoti hayo. Ipeleke mwenyewe kabla hawajaijia."

Wiki nzima nikaihamisha kama mwizi, mara darini, mara kwenye gunia la karanga. Mwisho nikachoka, nikaibeba mpaka ofisi ya wanyamapori. Afisa, kijana mwenye adabu zake, akaniamkia, akatoa fomu.

"Mzee, nani alimuua?"

"Baba yangu." Nikamtajia jina lake, na la ukoo, nikaanza na la babu.

Akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, nikiandika hayo inakuwa kesi, na mimi nataka urudi nyumbani. Tuseme umeiokota."

Akaandika: imeokotwa porini, mwindaji hajulikani. Akanisogezea karatasi. Nikatia sahihi kwa zile herufi za darasa la tatu.

Enzi zile mtu akiua tandala, jina lake liliimbwa mpaka ng'ambo ya mto Momba. Leo, ili nilale nyumbani kwangu, nimetia sahihi kwamba simjui baba yangu.