Mlango Nisioupiga Nyundo

Katika chuo kidogo cha ufundi nilichosomea kunyoosha bodi za magari, Kibaha, enzi za Mwingereza, mtihani wa mwisho ulikuwa gari halisi lililoharibika. Aliyefuzu aliamriwa kulipaka rangi. Aliyeshindwa alirudisha nyundo na kwenda kwao. Kwetu Kisarawe baba alikwisha kunionyesha shamba litakaloningoja, nami sikukusudia kulilima.

Nilipewa lori dogo la mfanyabiashara wa Marui. Mlango wa dereva haukufunga, na dereva alieleza kwamba uligongwa na mkokoteni sokoni. Wote waliliamini neno hilo. Mwanafunzi mwenzangu, Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wangu, akaniletea nyundo.

"Shika, Mzaramo. Ponda ukingo, mlango uingie. Au mpaka upigiwe ngoma?"

"Nani aliuona huo mkokoteni?"

"Si dereva kasema!"

"Sikukuuliza nani kasema."

Niliung'oa mlango, nikaulaza juu ya meza na kuupapasa kwa kiganja. Ulikuwa na mikwaruzo tu; kingo zake zilikuwa zimenyooka. Nikachukua kamba, nikaivuta katika uwazi wa mlango, kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini mkabala, kisha nikaivuta kwa pembe zile nyingine mbili. Vipimo havikulingana. Kilichopinda kilikuwa fremu.

"Jamani, fundi cherehani huyu!" mtani akapaza sauti. "Unapima kanzu?"

"Napima sanda yako."

Karakana nzima ikacheka. Mimi nilikuwa nikichokoa kifereji cha maji juu ya paa, nacho kilijaa udongo mkavu na majani. Mkokoteni haupaki udongo paani. Nikamwita dereva, mtu mzima kunizidi.

"Shikamoo, kaka. Udongo huu ni wa sokoni?"

"Marahaba." Akautazama, kisha akatazama mlango wa karakana kuona kama tajiri wake yu karibu. "Lililala ubavu, mdogo wangu. Mtaroni, kule Ruvu. Tukaliinua kwa mabega."

Hapo nikajua la kufanya. Nikaweka jeki na kipande cha mbao katika zile pembe zilizokaribiana, nikasukuma kidogo kupita kipimo, kwa kuwa chuma hurudi nyuma kikiachiwa. Nikalegeza, nikapima, nikasukuma tena, hata kamba ikalingana pande zote mbili. Ndipo nikaurudisha mlango mahali pake.

Mwalimu wetu, Kalasinga mwenye maneno machache, akausukuma kwa kidole kimoja. Ukafunga kwa mlio mmoja mzito. Akaufungua, akachunguza kingo zake akitafuta alama za nyundo.

"Umeupiga wapi?"

"Sikuupiga, Mwalimu."

Akaufunga tena, akaufungua tena. "Paka rangi," akasema, akaenda kwenye gari la mwingine.

Mtani ndiye aliyeniletea brashi.

"Sanda yangu nayo," akasema, "usisahau kuipima pembe zote."