Bibi, Mbwa na Mpira wa Tenisi

Wiki iliyopita nilimpeleka paka wangu kwa daktari wa wanyama, huku ugenini Ghubra ninakoishi. Nikiwa nimekaa, akaingia bibi mmoja wa kwetu Unguja, kavaa buibui, akivutwa na mbwa mkubwa mwenye mpira wa tenisi mdomoni. Kamba kaishika kwa ncha za vidole.

"Wa mwanangu, kasafiri," alitueleza bila ya kuulizwa. "Kaja kuchanjwa. Mie simgusi, nna udhu wangu."

Mbwa aliutafuna mpira kwa raha zake. Ghafla akakoroma, macho yakamtoka. Mpira umemkaba kooni! Karani akakimbia kumwita daktari. Bibi akautazama mlango, akamtazama mbwa, akapandisha mikono ya buibui.

"Ya Rabbi, nisamehe!"

Akautia mkono mdomoni, akauchomoa mpira unachuruzika mate. Mbwa akavuta pumzi, akamrukia, akamlamba uso mzima pamoja na miwani.

Daktari alipofika, alimweleza kwamba mpira wa tenisi una hatari: manyoya yake husaga meno, na kwa mbwa mkubwa huteleza hadi kooni. Anunuliwe mpira mgumu, mkubwa usioenea mdomoni.

Bibi akampigia simu mwanawe.

"Mbwa wako mzima. Mimi ndiye wa kukoshwa!"

Alifoka hasa, huku mkono wa pili ukimkuna mbwa masikio. Nadhani alijisemea kwamba maadamu ameshachafuka, haraka ya kwenda kujikosha ya nini?