Kicheko cha Chumba cha Tano

Mkufunzi ambaye wanafunzi walimbandika jina la Imla alikuwa na kijiba cha roho, na kijiba chenyewe kilifundisha chumba cha tano, nyuma ya ukuta wa mbao. Kila siku saa tatu asubuhi ukuta ule ulicheka. Ilianza sauti moja, zikaja kumi, kisha darasa zima likaangua kicheko, na Imla huku chumba cha nne akaendelea kusomesha: "Ghala, koma, ni mahali pa kuhifadhia bidhaa, nukta."

Somo lilikuwa moja, utunzaji wa ghala, na wakufunzi wawili. Imla alikuwa amelifundisha miaka kumi na tisa kwa jalada lilelile, karatasi zake zimeshageuka rangi ya chai. Kilichomkera zaidi ni kwamba yule binti aliyefundisha chumba cha tano aliwahi kuwa mwanafunzi wake mwenyewe. Alimpa alama za wastani na kumwandikia pembeni kwamba anauliza mno.

Sasa mkuu wa idara alikuwa ametangaza kwamba wanafunzi wako huru kuchagua darasa hadi Ijumaa. Darasa litakalobaki na watu chini ya kumi litavunjwa, na mkufunzi wake atakabidhiwa ghala la chuo, maana mtunzaji amestaafu. Ghala hilo Imla hajawahi kulikanyaga. Mtu mwenyewe hata miwani yake hutafutiwa na mkewe.

Jumanne alikuwa na wanafunzi kumi na wanane. Jumatano, kumi na watatu. Siku hiyo alijikuta ametega sikio ukutani, bahasha ya mitihani mkononi ili akikutwa aonekane ana shughuli. Alimsikia binti akimwaga misumari sakafuni, akiuliza tu wataipangaje, kisha akiwaachia. Wanafunzi wakabishana kama wako mnadani. Imla akajisemea kwamba huo si ualimu, ni uvivu uliopakwa poda. Lakini sikio hakulitoa ukutani.

Alhamisi akaamua kwamba kuchangamsha darasa si kazi ya watu wa chumba cha tano peke yao. Alitunga mzaha, akaujaribu kwa mkewe, ambaye alimwonea huruma akatabasamu. Akasimama mbele ya darasa, akakohoa, akasema panya ndiye mfanyakazi pekee wa ghala asiyeomba likizo. Akangoja watu wavunjike mbavu.

Kalamu zikakwaruza. Wote walikuwa wameinamia madaftari, wanaandika.

"Mwalimu," msichana wa mbele akauliza kwa adabu zote, "hiyo tuiweke kwenye faida za ghala au kwenye hasara?"

Ijumaa walibaki saba. Mkuu wa idara alimpa ufunguo na pole, vyote kwa mkono mmoja.

Jumatatu Imla alikuwa katikati ya makasha yaliyorundikwa mpaka darini, hajui aanzie wapi, mara binti akatokea na darasa zima nyuma yake.

"Shikamoo, mwalimu. Leo tumekuja kujifunzia hapa. Vitasa viko rafu gani?"

Imla alitazama rafu, akatazama dari, akatazama viatu vyake. Jalada lilikuwa nyumbani.

"Sijui," akasema. "Nyie mngeviweka wapi?"

Hakuwa anamwiga mtu. Alitaka kujua kwelikweli. Basi wakamvamia: huyu anataka vitasa viwe karibu na mlango, yule anasema vya karibu ndivyo vinavyoibiwa kwanza. Imla akawafuata rafu hadi rafu, vumbi mpaka kwenye nyusi, swali juu ya swali, na hakuna aliyeandika kitu. Saa mbili zilikatika bila yeye kutazama saa.

Wakati wa kutoka, wanafunzi walipanga mstari kumshukuru mkufunzi wao kwa somo tamu. Mkufunzi wao, yaani binti. Imla alisimama pale na ufagio, roho inamuuma upya kama kidonda kilichomwagiwa chumvi. Somo lake, sifa za mwingine.

Alimvuta binti pembeni.

"Kesho walete tena," akamwambia, sauti chini. "Ila ukishawafikisha mlangoni, wewe kapumzike."