Ukuta wa Mbele

Harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na udongo huwafanya watu wa mjini wazibe pua. Mimi hunirudisha Manyamanyama, pale Bunda, kwenye nyumba yetu ya miti na udongo, enzi za Ujamaa, ambapo kila mtu alikuwa ndugu, hata yule aliyekununia tangu msimu wa pamba uliopita.

Tulikuwa na kikundi cha kujitolea, tukikiita Kikundi cha Jumamosi kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa siku yake. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Nyangeta, mwanamke mrefu mwenye sauti kubwa, aliyepuliza filimbi ya shule asubuhi mpaka mbuzi wetu nao wakaizoea. Wanachama wakiisikia walitoka na majembe na ndoo. Walipalilia shamba la mgonjwa, walichimba choo cha zahanati, walifundisha wazee kusoma. Ukitaka kujiunga hukuulizwa lolote. Ulikuja tu na jembe lako. Mzee Magesa, fundi cherehani, hakuwahi kukosa, ingawa kwenye kusiriba alijipaka udongo yeye kuliko ukuta.

Mama yangu alikuwa mwanachama, na kwenye kusiriba hakuwa na mpinzani. Akimaliza ukuta wetu wa mbele, kabla haujakauka, aliupitishia vidole vitatu kutoka juu hadi chini, vikaacha mistari ya kupindapinda kuanzia mlangoni hadi kwenye pembe. Kikundi nacho kilikuwa na desturi yake. Nyumba ikifiwa, matanga yakiisha, walikwenda kuisiriba upya, ili wafiwa waanze na nyumba safi. Mama alisiriba nyumba nyingi za namna hiyo, nami nikimbebea ndoo.

Kisha Mama akafa. Alishikwa na homa, akapelekwa hospitali Musoma, akarudi amefunikwa shuka. Nilikuwa darasa la tatu. Ningependa kukwambia kwamba nililia, lakini sikulia. Niliwatazama watu wakilia kama mtu anayetazama mvua ikinyesha ng'ambo ya ziwa. Uji haukuwa na ladha. Shangazi alinisuka nywele, akanivuta sana, na sikusikia maumivu. Baba alikaa kwenye kigoda akiangalia zizi, na jioni ikifika alikuwa bado yuko palepale.

Matanga yalipoisha, filimbi ililia uani kwetu.

"Baba Nyamisi, tumekuja," Mwalimu Nyangeta alisema. "Tufanye kazi yetu, ama tusubiri kwanza?"

"Fanyeni tu," Baba alijibu, bila kugeuza kichwa.

Siku nyingine walikuwa wakiimba. Siku hiyo walikanyaga udongo kimya. Walisiriba ukuta wa nyuma, wakasiriba pande zote mbili, hata Mzee Magesa akafanya kazi inayoeleweka. Walipofika mbele walisimama. Wakatazamana. Kisha mmoja mmoja wakaenda kunawa mikono, na udongo ulikuwa bado umejaa shimoni.

Mwalimu Nyangeta akaweka ndoo miguuni pangu. "Nyamisi mwanangu, huu ni wako. Mama yako alikuwaga anaanzia mlangoni. Utaangalia mwenyewe."

Wakaenda kukaa karibu na jiko, wakamiminiwa uji.

Niliangalia. Niliona kazi iliyobaki. Nikachota udongo, nikaanzia mlangoni. Mistari ya Mama ilikuwa na kina, ikabidi nikandamize kwa kiganja mpaka ijae. Mahali pa juu nilipandia kinu. Sikusikia chochote isipokuwa ubaridi wa udongo kwenye vidole. Nilikwenda hivyo hadi kwenye pembe, nikarudi kulainisha, sikuacha hata ufa.

Nilipogeuka, hakuna aliyekuwa anakunywa. Mzee Magesa alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Mwalimu Nyangeta akasema, "Umefanya vizuri, mwanangu." Baba aliinuka kwenye kigoda. Alikuja akaweka kiganja kwenye ukuta ule mbichi, akasimama kidogo, halafu akaenda kufungulia ng'ombe.

Kwa miaka mingi niliwawekea kinyongo. Niliamini walikuwa wamechoka, wakamwachia yatima ukuta mkubwa kuliko yote.

Nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nilikwenda kumwona Mwalimu Nyangeta kule Nyasho, Musoma, alikokuwa akiishi baada ya kustaafu. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri tena. Tulimcheka sana Mzee Magesa. Kisha akanishika mkono.

"Ule ukuta tulikuachia ili ubaki," alisema. "Hakuna kati yetu aliyeweza kuugusa. Tulisema, mtoto akiona vidole vya mama yake ataviacha. Ukachota udongo. Sasa tungekwambiaje? Mfiwa hakatazwagi kitu nyumbani kwake."

Nilimshukuru, nikaaga. Kumbe walikuwa wananipa zawadi, nami nikadhani ni zamu yangu. Mtoto wa darasa la tatu asingeijua tofauti, na waliokuwa wanaijua waliona aibu kuitamka.

Nilifika stendi nikakaa kwenye benchi kusubiri basi la Bunda. Hapo ndipo kilio kilipokuja, kwa sauti, mbele za watu, kamasi zikinitoka. Niliumia kuliko nilivyopata kuumia maishani. Kondakta mmoja kijana akaacha kuita abiria, akanisogelea.

"Pole, mama. Umefiwa?"

Nikamwambia ndiyo, nimefiwa na mama yangu.