Maji ya Bata wa Sikuzani

Asubuhi ile mke wangu, Mama Fikirini, aliamka kabla yangu, kama kawaida. Nilimsikia jikoni anasema na bata. Bata yule alikuwa anaatamia ndani ya tenga bovu, pembeni mwa mafiga, na mtu akimsogelea alipuliza kama nyoka. Mwenzangu hakumjali. Aliingiza mkono chini yake, akageuza mayai moja moja. Bata anamdonoa kiganja, yeye anamwambia, "Donoa, donoa, ukichoka useme." Kisha akachota maji mtungini kwa kata, akayanyunyiza juu ya mayai kwa vidole. Akafunika mtungi. Akaniwekea ming'oko ya jana, vile viazi vya porini, akasema chumvi iko palepale. Akachukua debe lake, akatoka na wenzake kwenda bondeni.

Hiyo ndiyo asubuhi. Nilikula ming'oko, nikaenda shambani kuokota korosho.

Jina lake Sikuzani binti Muharami, Mmakua wa Lukuledi. Kwao mto uko karibu, mtoto akitumwa maji anarudi bado ana pumzi ya kucheza. Mimi nilikwenda huko kufanya kibarua nikiwa kijana, nikamwona, nikamposa. Nikampandisha huku Kitangari. Huku mvua ikinyesha mchanga unaimeza yote, maji yako chini bondeni. Mwanamke anatoka alfajiri, anarudi jua limeshakuwa kali, ana debe moja. Debe hilo ni la kunywa, la kupikia, la kutawadha. Wazungu wa serikali walikuja Newala kupima, tukasikia maji yatapandishwa kwa mashine, yatapita kwenye mabomba. Kitangari tulikuwa bado na vichwa vya wanawake.

Yeye alikuja na bata. Alipanda nao mlima ndani ya tenga, dume na jike. Watu walitoka nje kumtazama. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliniuliza kama nimeoa mke au nimeoa mvua. Dada yangu Somoe ndiye aliyekuwa mchokozi zaidi, kwa kuwa wifi na wifi wana ruhusa.

"Wifi, ndege wako huyu anakunywa kuliko mimi."

"Taga na wewe, nikuongezee."

Walicheka wote wawili. Tangu siku hiyo walikuwa wanakwenda bondeni pamoja.

Mayai ya mwaka wa kwanza yalikufa. Sisi wa huku tunamjua kuku. Yai la kuku likiloa ni viza, kila mtu anajua. Basi mama alipomwona mkwewe ananyunyiza maji, akamkataza, akasema anaua mayai na anapoteza maji. Sikuzani akaitika. Hakubishana na mkwe. Bata akaatamia makavu mpaka mwisho. Vifaranga vilitoboa ganda kwa mdomo, vikaishia hapo. Ngozi ya ndani ilikuwa imekauka, imevinasa. Alivifukia nyuma ya nyumba.

Mwaka uliofuata hakuomba ruhusa. Alinieleza mimi tu. Kwao bata akitoka kwenye kiota anakwenda mtoni, anaoga, anarudi na manyoya yameloa, anakalia mayai hivyo hivyo. Maji yale ndiyo yanalainisha. Huku bata hana pa kuoga, basi mtu amloweshee mayai. Vifaranga vikatoka. Mama akavitazama vikitembea uani, akaingia ndani. Maneno ya bata yakaisha.

Tulizaa, tukazika. Aliyebaki ni Fikirini, yuko mkongeni upande wa Lindi. Hatukuwa watu wa kusemeshana sana. Alikuwa anapika, nakula. Nikiumwa ananichemshia majani. Sikukuu anachinja bata mmoja, anapeleka mapaja kwa Somoe. Hivyo hivyo, mpaka tukazeeka.

Siku ile ya ming'oko alirudi na debe, akalitua, akasema kichwa kinamgonga. Akalala mchana. Sikuwahi kumwona amelala mchana. Kesho yake hakuinuka, mwili moto. Keshokutwa, adhuhuri, akafariki. Alasiri tulimzika.

Sikulia. Watu walinitazama wakingoja. Nilikaa jamvini na wanaume, mtu akija ananipa mkono, nampa wangu. Wanaleta chakula, nakula kwa kuwa kimewekwa mbele yangu. Nilisikia kama niko ndani ya gunia, watu wanasema nje.

Kitu kimoja tu nilikitaka. Mayai yale yatotoke. Aliyaweka yeye mwenyewe kwenye tenga, kila yai lilipita mkononi mwake. Mengine yote sikuyajali.

Jiko lilikuwa limejaa wanawake. Nilimwita Somoe pembeni.

"Mayai ya bata," nikamwambia.

"Nimeyaona kaka, usijali. Niliyakuta yana unyevunyevu, nikayafuta yote kwa kanga. Sasa makavu, mazuri."

Amezeeka na wifi yake, na bado anawaza kuku.

"Yanataka maji, Somoe."

"Maji!" Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Kaka, kila debe humu ndani limeletwa na jirani kwa kichwa chake. Wageni hawajanywa. Mimi nimnyunyizie bata mbele ya watu? Watasema msiba umetutia wazimu."

Alisema kweli. Mabibo yalikuwa yanaanguka, mvua bado, na visima bondeni vilikuwa vinatoa kidogo kidogo. Nikarudi jamvini. Bata akaendelea kuatamia makavu.

Siku ya kuanua matanga akaja Mwanaheri. Huyu ni mtani wa ukoo wetu, kikongwe wa upande wa Newala. Mtani akija msibani haulizwi. Anaweza kukutukana, anaweza kuiga maiti wako, anaweza kuchukua kitu ndani, na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Ukikitaka kitu chako unakikomboa. Ndivyo tulivyokuta.

Aliingia amevaa koti la mwanamume na kofia, analia kilio cha uongo kinachosikika mpaka barabarani. Kisha akanyamaza ghafla, akauliza, "Nani amekufa?" Watu wakaangua kicheko. Akajitwika kinu kidogo, akatembea uani kama Sikuzani anavyotembea na debe, miguu inatazama nje, mkono mmoja kiunoni. Ilikuwa sawasawa kabisa. Wanawake wakacheka huku wanafuta machozi. Mimi nilitazama tu.

Akaingia jikoni. Tukasikia bata anapuliza, vyombo vinaanguka. Akatoka amemkumbatia.

"Urithi wangu huu! Leo nakula mnofu. Mwenye shoka la kuni na kisu aje."

Nikasimama. Tangu mazishi sikuwa nimesimama bila kuambiwa.

"Mtani, mrudishe."

"Heee! Kumbe anasema! Nilidhani tumezika wawili."

"Chukua kuku."

"Kuku nimekula tangu sina meno, sasa tena sina meno. Sitaki."

"Chukua mbuzi."

Jamvi zima likacheka. Mbuzi kwa bata. Mtu mmoja akasema mfiwa apewe maji ya kunywa.

"Mayai yanapoa, Mwanaheri."

"Yapoe. Nayo yamefiwa."

Alinitazama, bata amemkwama kwapani, shingo nje. Kisha akatazama mlangoni, pale debe la marehemu lilipokuwa limefunikwa chini juu.

"Komboa kwa hilo," akasema. "Ujitwike kichwani, si mkononi. Uende bondeni na wanawake, ukateke, urudi. Ukifika na maji, bata wako. Ukimwaga njiani, mimi na huyu tunaondoka."

Hapo watu walicheka. Huku kwetu mwanamume habebi maji kichwani. Atabeba kuni, atabeba magunia ya korosho mpaka mgongo ukatike, lakini debe la maji ni la wanawake. Anayeonekana nalo huwa ni kichaa, au mgomvi aliyekimbiwa na mke.

"Nitakwenda mimi," Somoe akasema.

"Kaa chini wewe. Bata si wako. Na wewe mzee usinitolee macho, mayai sina ugomvi nayo." Akaingia jikoni, akamrudisha bata kwenye tenga, akaburuta kigoda mpaka mlangoni, akakaa juu yake kama askari. "Nangoja."

Somoe alinisokotea ngata kwa kipande cha kanga, akaniwekea kichwani. Nikajitwika debe. Tukatoka na wanawake wanne watano, Somoe akiwamo. Njiani watu walisimama mashambani kutazama. Mmoja aliita, "Mzee, umeolewa wapi?" Wanawake hawakucheka tena. Walitembea mbele yangu, wakishuka.

Njia ya kushuka naijua, nimeipita maisha yangu yote na fimbo mkononi. Kisimani tulisubiri. Maji yanajikusanya chini polepole, unachota kata moja, unangoja tena. Wote waliniachia nianze, kwa kuwa ni mfiwa. Somoe akanijazia, wakaniinulia wawili. Shingo ikaingia mabegani.

"Usitazame miguu, Baba Fikirini," mwanamke mmoja akaniambia. "Tazama mgongo wa aliye mbele yako, basi."

Nikatazama mgongo wa Somoe. Kupanda ni kurefu. Maji yalinimwagikia shingoni, yakashuka mgongoni. Hakuna mahali pa kutua mpaka juu, ukitua peke yako huwezi kujitwika tena. Hilo sikulijua. Sikuwaza kitu kingine njia nzima, ila kwamba sikulijua.

Nilipofika, Mwanaheri aliinuka kwenye kigoda, akachungulia ndani ya debe.

"Halijajaa."

"Yamemwagika kidogo."

"Yamemwagika wapi?"

"Mgongoni kwangu."

Akanizunguka, akanishika shati lililoloa, akalikamua. Akalamba kidole.

"Basi hayajapotea. Chukua bata wako."

Watu wakapiga vigelegele. Halafu yeye Mwanaheri akakaa chini pale pale mlangoni, akavua kofia, akamlilia Sikuzani kilio cha kweli. Walishindwa kumnyamazisha. Mimi nilimpita, nikaingia jikoni na kata.

Niliingiza mkono chini ya bata. Akanidonoa. Kuna joto kule chini, zaidi ya nilivyodhani, na manyoya laini aliyojing'oa kifuani. Nikageuza mayai, nikanyunyiza. Mkono haukuwa mwepesi kama wake, mengine yaliloa sana, mengine kidogo.

Wageni wakaondoka. Nyumba ikabaki na mimi. Habari ilikuwa bado haijamfikia Fikirini.

Somoe alitaka kuniletea maji, nikamkatalia. Nikamwambia anisokotee ngata tu. Nikawa nakwenda bondeni nao kila yalipokwisha. Watu walicheka siku za mwanzo. Yule wa shambani aliniuliza tena kama nimeolewa, nikamwambia bado, anayenitaka awaone wazee. Baadaye walizoea. Nikirudi, bata kwanza, mimi baadaye. Anatoka mara moja kwa siku, anakula pumba, anajinyoosha bawa moja, anarudi mbio. Namwekea na sinia la maji, anatia kifua, anapiga mabawa, jiko linaloa. Sikumzuia.

Asubuhi moja nilipoingiza mkono, yai moja lilikuwa linagonga kutoka ndani. Nikakaa chini, mgongo ukutani. Ganda likatoboka, mdomo ukatokeza, ukasimama. Nikatia maji kwenye vidole, nikalidondoshea. Nikangoja. Mdomo ukaanza tena. Jua lilipofika katikati alikuwa ametoka, manyoya yameganda mwilini, mbaya kabisa. Wengine wakafuata. Mengine hayakutotoka, labda ni yale ya siku za matanga. Niliyatupa mbali, yananuka.

Somoe alikuja kuona. Akapiga magoti, akaanza kulia. Mimi niliona ni vizuri. Kile kitu kimoja nilichokitaka kimekuwa. Sikusikia zaidi ya hapo, na sikujitafutia zaidi.

Vifaranga vya bata siku ya pili tu vinaingia kwenye sinia, vinachafua, vinataka mengine. Maji yakaisha upesi. Tukashuka bondeni, mimi na Somoe. Nilipojaza debe, miguu ilikuwa inaniuma, nikakaa kwenye jiwe kando ya kisima, nikaitumbukiza kwenye tope la baridi pale maji yaliyomwagika yanapotuama.

Somoe alinitazama mpaka nikamuuliza kuna nini.

"Hapo ndipo alipokuwa anakaa wifi," akasema. "Jiwe hilo hilo. Kila siku, miaka yote. Anatia miguu, anafumba macho. Sisi tumeshajitwika, tunamwita, wifi twende, jua linapanda. Yeye hana habari. Halafu anatujibu neno lake, tunabaki kucheka na madebe kichwani."

"Neno gani?"

"Utani tu, kaka."

Nikamwambia alitaje kama lilivyokuwa, asipunguze. Somoe akatua debe lake chini. Akasema mwenzangu alikuwa anawaambia hivi:

"Tangulieni nyie. Huko juu tuko wawili tu tunaoyajua maji, mimi na bata, na leo ni zamu yangu kuoga."