Kanali Jikoni Kwangu

Mume wangu alistaafu jeshi akiwa koplo, tukahamia Mazingara kulima mahindi. Kila mwaka wenzake wa kikosi kimoja cha zamani cha askari wa miguu, wale waliobaki huku Handeni na Korogwe, hukutana nyumbani kwa mmoja wao. Mwaka jana zamu ilikuwa yetu.

Nilinunua mbuzi kwa wafugaji, nikasaga unga wa muhogo, nikaamka alfajiri nikijua kazi ya kupika ni yangu. Saa tatu ikaingia gari kutoka Old Korogwe. Akashuka kanali mstaafu, mzee mrefu mwenye mvi, ameshika aproni mkononi.

"Shikamoo, afande," nikamwamkia.

"Marahaba, shemeji. Jiko liko wapi?"

Nilidhani anatania. Nikamtazama mume wangu, naye akajifanya anaangalia kuku. Hakuwa ameniambia kwamba kwa desturi ya kikosi chao, siku hiyo mwenye cheo kikubwa ndiye anayepika na kugawa chakula, na mwenye cheo cha chini kabisa ndiye anayetoa amri. Kati ya wote waliokuja, wa chini kabisa alikuwa yeye.

Kwa kweli niliona aibu. Mgeni, tena mzee, apulize moto wangu huku mimi nimekaa? Lakini kanali alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mafiga. Huku akikohoa kwa moshi akanieleza chanzo cha desturi hiyo: zamani kikosi kilipokuwa porini mpishi aliugua, na kamanda wao akakoroga uji mwenyewe, akawapelekea askari mmoja mmoja.

Sajenti mstaafu aliyekuwa akimenya vitunguu akakataa. "Haukuwa uji, afande. Yalikuwa maharage, na yaliungua."

Wakabishana hadi maji yakachemka.

Mbuzi hakumshinda. Kilichomshinda ni bada, ugali wetu wa muhogo. Nilimwambia akoroge upesi, yeye akaenda polepole, na ugali ukatoka na mabonge makubwa kama ngumi.

Mume wangu akaonja. "Huu haufai. Rudia."

Nilishtuka. Kanali akasimama wima, mwiko begani kama bunduki. "Ndiyo, afande," akasema, akarudi jikoni. Wazee wale walicheka hadi wengine wakafuta machozi. Mara ya pili nilimshikia sufuria, bada ikaiva vizuri.

Kabla ya kula, sajenti alifungua daftari akaita majina ya kikosi. Aliyekuwepo aliitika, "Nipo." Likiitwa jina la marehemu, wote walisema kwa pamoja, "Yupo." Katikati likaitwa jina la mwanetu wa kwanza. Mume wangu ndiye aliyelichagua, akaniambia ni la rafiki yake, nami sikuwahi kuuliza zaidi. Wote waliposema "Yupo," sauti ya mume wangu ilizidi za wenzake.

Kanali akaanza kugawa chakula. Nilipoinuka kumsaidia akanizuia. "Kaa, shemeji. Hapa leo mpishi ni mmoja." Akaniletea sahani yangu kwa mikono miwili.

Wageni walipoondoka, tukiwa tunakunja mikeka, nilimuuliza mume wangu habari za rafiki huyo. Akanisimulia kwamba alikuwa mfupi, mcheshi, anaogopa vyura, na kila akiimba kambi nzima inamwomba anyamaze. Tulicheka sana. Nilitamani ningemfahamu.